Bustani ya Mimea ya Entebbe: nenda siku ya kazi, nenda polepole

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo sina simu mpya wala jiko la gesi la kuwachambulia. Leo nimewaletea mahali. Ngoja nigeuze kamera... haya, mnaona? Yale maji kule chini ni Ziwa Viktoria, Waganda wanaliita Nalubaale. Na huu mti ulionikinga jua, nimerudi nyuma hatua ishirini ili uingie wote kwenye kioo na bado kilele kimebaki nje. Tuko Entebbe, ndani ya Bustani ya Mimea, Jumanne, saa nne asubuhi. Tangu niingie nimekutana na watu saba, na wawili kati yao wanafyeka majani.

Natanguliza jibu, maana najua kuna wanaoniangalia wakiwa safarini na bando liko ukingoni. Ndiyo, njooni. Hii ni mara yangu ya tatu. Ya kwanza nilikuja Jumapili na marafiki, tukatandika kanga, tukala, tukapiga picha, tukaondoka. Ungeniuliza jioni ile nimeona nini, ningekwambia majani na tumbili. Bustani ni hii hii. Kilichobadilika ni siku niliyochagua na mwendo wangu, na hilo ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote nitakayosema leo.

Kwa nini watu wanaipita? Kwanza, jirani yake ni zu, yaani bustani ya wanyama. Ukishuka Kitooro, mtaa wa hapa Entebbe, ukamwambia wa boda unataka kutembea, yeye anakupeleka moja kwa moja kwa simba. Pili, wengi wanaijua Entebbe kwa uwanja wa ndege tu. Mgeni anashuka, anapanda gari, anakwenda kutafuta gorila wa Bwindi. Wakazi wa Kampala nao wakija huku wanakimbilia ufukweni, kwenye muziki na samaki wa kukaanga. Basi hapa katikati pamebaki hekta kama 40 za kivuli. Mnasikia sauti hiyo? Huyo ni ndege, kwarara. Ana kelele, lakini leo ndiye mwenye kelele kuliko wote.

Sasa niwaambie ni mahali gani hasa. Bustani hii ilianzishwa 1898, wakati Entebbe ilikuwa makao makuu ya serikali ya Waingereza. Jina lenyewe la mji ni Kiganda, entebe, yaani kiti. Na msidhani walipanda miti ili watu waje kupumzika. Hili lilikuwa shamba la majaribio. Miche inaletwa kutoka ng'ambo, inapandwa hapa kando ya ziwa, inaangaliwa kama udongo na mvua za Uganda zinaikubali. Ikikubali, inapelekwa kwingine. Chai ilipandwa hapa 1900. Mwaka uliofuata ikaja kakao, kutoka bustani ya Kew, London. Mpira nao ulijaribiwa hapa.

Naomba nisimame kidogo hapo kwenye chai.

Mimi nimekulia Jinja, na mama yangu alitulea kwa birika. Saa kumi na moja alfajiri anawasha mkaa, anaponda tangawizi, na kulipopambazuka wanaume wa zamu ya asubuhi wamejipanga na vikombe. Ada ya shule, viatu, dawa, vyote vilitoka kwenye lile birika. Kila siku nilikuwa napita kando ya mashamba ya chai barabara ya Lugazi nikidhani chai ipo tu tangu dunia iumbwe, kama ziwa. Halafu mara yangu ya pili hapa, mzee anayenitembeza akaniambia, mwanangu, miche ya kwanza ya chai nchi hii ilipandwa kwenye bustani hii. Nilinyamaza. Akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia hapana mzee, namfikiria mama.

Huyo mzee ndiye sababu ya pili ya video hii. Hataki kuonekana kwenye kamera na sitamtaja jina, ila mtamsikia akikohoa pembeni. Anaongea Kiswahili kizuri, alikipata kiwandani Jinja enzi za ujana wake. Ushauri wangu: ukifika, tafuta mtu wa kukuongoza. Hapa kuna zaidi ya aina 300 za mimea, na macho yako peke yake yataona kijani juu ya kijani. Pataneni malipo kabla hamjaanza kutembea, mbaki na heshima mpaka mwisho.

Sogeeni, nataka mwone kitu. Huu ni mti wa mpira. Angalieni gome lake, lina makovu ya mshazari, moja chini ya jingine, kama chale. Mzee alichukua kisu kidogo, akagusa kovu la zamani, tena kwa ncha tu. Likatoka tone jeupe, zito kidogo kuliko maziwa. Akanipakaza kidoleni. Mwanzo ni maji matupu. Nikasugua kidole gumba na cha shahada, taratibu, na kabla hata sijafika ishirini kuhesabu likaanza kunata. Nikaachanisha vidole, ukavutika uzi mwembamba, nikalegeza, ukajirudi. Mnaona hapa kwenye kucha? Hicho kipira kidogo cheusi ni lile tone, limeshika uchafu wangu wa mkononi. Nina viatu vya mpira, ndala za mpira, nimepanda boda yenye matairi ya mpira, na umri huu wote sikuwahi kuushika ukiwa bado maziwa.

Kakao sitakaa nayo sana, ila muone tunda linavyoota: halining'inii kwenye tawi, limebandika kwenye shina lenyewe kama mtu kaligundisha. Leo kakao ni riziki ya watu wengi Bundibugyo, chini ya Rwenzori kule mpakani na Kongo. Kahawa ni habari nyingine. Robusta, hii aina ya kahawa, Waingereza hawakuileta, ni ya misitu ya huku huku. Waganda walikuwa nayo kabla ya mzungu yeyote kuweka bustani. Watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa damu walikuwa wanagawana buni mbili za tunda moja zilizopakwa damu zao, kila mmoja anatafuna ya mwenzake. Undugu huo wanauita omukago. Mzee alipasua tunda bivu akanionyesha zile buni mbili zilivyolala tumbo kwa tumbo, na hapo hapo nikaelewa kwa nini walichagua kahawa.

Tukitelemka kuelekea ziwani kuna kipande cha msitu, na hapo mwanga unabadilika kabisa. Kamera yangu inahangaika, mnisamehe. Mizizi ya miti mikubwa imesimama kama kuta. Mimi si mfupi, na huu unanifika begani. Kamba za porini zimeteremka kutoka juu mpaka chini, nene kama mkono. Kuna mvule pia. Nimefurahi kwamba Kiganda na Kiswahili vinauita mti huu karibu jina moja, muvule, mvule, na ukigusa gome lake unaelewa kwa nini mafundi seremala wameumaliza kwingineko.

Inueni macho sasa, polepole, msipige kelele. Wako wanne... watano. Mbega. Mnaona manyoya meupe yanavyomwagika mgongoni, na mkia ule? Hawana haraka, wanakula majani, wanatuangalia. Kwa Kiganda ni engeye, na kuna ukoo mzima wa Ngeye ambao mbega ndiye mzio wao, hawamuui wala hawamli. Mzee wangu ni wa ukoo huo. Alipowaona alivua kofia. Hakusema kitu, alivua tu, akasubiri, akaivaa tena tulipopita. Hiyo sikuirekodi, na sijutii.

Wapenzi wa ndege, mtanishukuru. Nimeona hondohondo, nimeona kasuku wa kijivu wawili wakipita juu wakipiga miluzi, na kuna tai mweupe na mweusi anayependa matunda ya michikichi kuliko nyama. Yule ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi cheusi na tumbo la kijani, kulukulu mkubwa wa buluu, nilimwona mara ya pili, leo kajificha. Njooni na darubini kama mnayo.

Haya, ya kujihadhari. Tumbili kwanza. Hawa si mbega, hawa wamezoea watu. Chakula kikae ndani ya begi lililofungwa zipu, na msiwarushie ndizi hata wakiwatazama kwa huruma. Anayelishwa leo kesho anamnyang'anya mtoto. Pili, wadudu wa ziwani. Kuna siku wanapanda juu ya maji kama moshi, na upepo ukiwaelekeza huku, wataingia puani na mdomoni. Hawaumi. Jifunge kitambaa usoni, rudi juu kwenye miti, watapita. Tatu, maji yenyewe yanavutia lakini usivue viatu ukaingia. Ziwa Viktoria lina kichocho, hilo si la kubahatisha, hasa kwa watoto. Nne, matope. Mvua kubwa ni Machi mpaka Mei, halafu tena Septemba mpaka Novemba, na Entebbe haipendi kunyesha kidogo. Njoo na viatu vinavyoshika chini.

Na hapa ukingoni, kumbukeni 2020. Mwezi wa tano ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likavuka rekodi ya 1964. Fukwe za mji huu zilimezwa, watu wakapoteza biashara. Ndiyo maana nikitembea huku chini naangalia nyasi zinaishia wapi.

Njia ya kufika. Kutoka Kampala ni kama kilomita 40. Panda taksi ya Entebbe. Ninyi wa Tanzania mnaiita daladala, Wakenya matatu. Inapita barabara ya zamani, Kajjansi, Kisubi. Maeneo hayo ndipo ulipo ule msitu mdogo wa Zika, uliotoa jina la virusi mwaka 1947. Mwambie konda akushushe Kitooro, chukua boda. Kiingilio unalipa getini, na gari na kamera vina malipo yake, kwa hiyo uliza mapema, uchukue risiti. Kabla ya kuingia nilinunua roleksi kule Kitooro, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, yangu mayai mawili na kabichi, nikala nimesimama. Ndani beba maji, na chupa yako uondoke nayo.

Nalisema hilo la risiti kwa sababu wiki mbili zilizopita nilikwenda bustani nyingine, jina nalihifadhi, mlinzi akanidai pesa ya kamera mara mbili, na nilipokaa kwenye nyasi akaja kuniinua. Niliondoka nimevunjika moyo. Mtu wa kawaida mjini, asiye na hela ya hoteli, akapumzikie wapi? Mama anayeamka saa kumi na moja kuponda tangawizi, siku yake moja ya mapumziko akakae wapi bila kufukuzwa? Hapa nimekaa saa tatu chini ya mti na hakuna aliyeniuliza kitu.

Wa Dar na Nairobi mnaobadilisha ndege Entebbe mkasubiri saa sita, kama hati zenu zinawaruhusu kutoka, hapa ni karibu sana na uwanja. Mwachie mzigo anayeutunza, njoo utembee saa mbili, utarudi na miguu iliyonyooka. Wenye watoto, waleteni pia. Nyasi ni pana, na mtoto anayejua chokoleti aone inakoota. Wazee wasioweza mteremko wabaki huku juu, kivuli kipo cha kutosha.

Kwa wikendi siwazuii. Jumapili kuna familia, kuna maharusi wanaopiga picha, ni furaha yake. Ila mbega hutawaona, na mzee atakuwa na watu wengi.

Mimi mwezi ujao namleta mama. Nimempigia simu jana, nikamwambia nataka nimwonyeshe chai ilikoanzia. Akaniuliza, kwani huko kuna jiko? Nikamwambia nitabeba chupa ya chai, kwa tangawizi yake.

Mzee ananipungia mkono, anasema kulukulu ametua kwenye mti ule wa pale. Nazima kamera, nisimtishe.