The Hurricane (1937): kimbunga cha nguvu, mapenzi ya wastani

Filamu za kale zisizo na rangi huwa naziogopa, maana nyingi husifiwa kwa sababu ya umri wake tu. Hii ya John Ford nimeitazama hadi mwisho bila kugusa simu, ingawa mapenzi yenyewe hayakunigusa sana.

Terangi (Jon Hall) ni baharia wa Manakoora, kisiwa cha kubuni cha Pasifiki ya Kusini kilicho chini ya Wafaransa. Fungate haijaisha, anasafiri kwenda Tahiti na kumwacha mkewe, Marama. Huko baa anamvunja taya mzungu aliyemdhalilisha. Miezi 6 jela. Anatoroka, anakamatwa, anaongezewa. Anatoroka tena, anaongezewa tena, hadi inafika miaka 16! Padri, daktari, hata mke wa gavana wanamsihi Gavana DeLaage (Raymond Massey) amwombee kijana arudishwe kwao. Hataki kusikia. Sheria ni msumeno, lakini wa huyu bwana unakata upande mmoja tu. Sehemu za gerezani, John Carradine akiwa mlinzi katili, zilinikera kwelikweli, na nadhani ndivyo Ford alivyotaka.

Dorothy Lamour, mzaliwa wa New Orleans, ndiye Marama. Mrembo, saruni imemkaa, lakini kazi aliyopewa ni kungoja na kulia. Hollywood ya wakati ule ndivyo ilivyokuwa: wenyeji wa kisiwa wanapendeza, wenye maneno ni wazungu. Aliyenifurahisha zaidi ni Thomas Mitchell, daktari mlevi mwenye utu kuliko wote. Analazimika kumzalisha mama ndani ya mashua katikati ya tufani.

Sasa kimbunga. Ongeza sauti, au vaa spika za masikioni kabisa. Hakuna kompyuta hapo. James Basevi, fundi wa athari maalumu za filamu hii, na watu wake walijenga kijiji halafu wakakibomoa kwa mashine za upepo na maji. Kwanza minazi inainama kidogo tu, watu bado wanaongea. Kisha upepo unageuka kelele moja isiyokatika, unajikuta unakaza meno. Waumini wako kanisani na padri wao, bahari inapanda, na kamera haiwaonei huruma. Terangi anawafunga watu wake kwa kamba kwenye mti mkubwa, pamoja na mke wa gavana yuleyule aliyekataa kumsaidia aachiwe huru. Mary Astor, aliyeigiza mama huyo, aliandika baadaye kwamba mchanga na maji viliwachapa usoni hadi vitone vya damu vikatokea mashavuni. Ukimtazama unaamini. Tuzo ya Oscar ya sauti waliyopata ilikuwa halali yao.

Dosari: katikati inazunguka, na ufungwa-utoroke wa Terangi ungeweza kupunguzwa. Watoto wadogo wasiangalie sehemu ya kanisa.

Lipo pia toleo la 1979, lina rangi na Mia Farrow, ambamo mapenzi ni ya binti wa gavana Mmarekani na chifu kijana wa Samoa. Mimi nalipa nyota mbili. Hili la 1937 nalipa nne kati ya tano, na tatu kati ya hizo ni za kimbunga.