Changamoto za kusoma vitabu: nimezijaribu za aina nyingi, hizi ndizo ninazozipendekeza

Kwa miaka kadhaa sasa kila Januari imenikuta na changamoto ya kusoma mkononi, yaani lengo au shindano la kusoma ambalo mtu anajiwekea. Nimeshiriki za kuhesabu vitabu, za vigezo, za mbio za saa 24, na ile ya kuzunguka dunia nchi kwa nchi. Anayejiuliza kama zina faida yoyote kwa mtu ambaye tayari anapenda vitabu, mimi namjibu kwamba zipo zenye faida kubwa, ila hazilingani. Zinazohesabu tu zinafaa kujenga mazoea. Zinazokupeleka kwenye rafu ambayo huwa unaipita ndizo zinazomkuza msomaji, na hizo ndizo nitakazozisemea zaidi.

Inayojulikana kuliko zote ni ya Goodreads, mtandao wa wapenzi wa vitabu, na imekuwepo tangu 2011. Mwanzoni mwa mwaka unataja idadi ya vitabu unavyotaka kumaliza, na kila unachokiweka kwenye orodha ya vilivyosomwa kinahesabiwa. Hakuna msimamizi, na lengo unaweza kulipunguza au kuliongeza ukitaka. Kwa mtu ambaye kazi au malezi yamemtenga na vitabu, huu ni mwanzo mzuri sana. Akiweka lengo la vitabu 12, yaani kimoja kwa mwezi, na kitabu kikiwa na kurasa 300, anadaiwa kurasa 10 tu kwa siku. Kurasa 10 zinapatikana hata siku yenye pilika. Nimeona watu waliokuwa wameshakata tamaa wakirudi kwenye kusoma kwa njia hiyo, na mimi mwenyewe ndiyo iliyonizoesha kulala na kitabu kando ya mto badala ya simu.

Kasoro ya kuhesabu vitabu huwa inajitokeza mwaka unapokaribia kuisha. Kitabu cha kurasa 90 kinapata alama moja, na kile cha kurasa 900 alama moja vilevile. Programu ikikuambia uko nyuma ya ratiba, mkono unakwenda wenyewe kwenye kitabu chembamba. Wasifu mnene, historia ndefu, riwaya inayotaka miezi miwili ya utulivu, vyote vinasukumwa hadi mwakani, na mwakani navyo vinasukumwa tena. Halafu kuna kitabu ulichokisoma hadi ukurasa wa 200 ukaona hakikufai: ukikiacha, kazi yote hiyo haionekani popote. Mfumo wa namna hii unamwadhibu msomaji kwa kuwa na subira na kumwadhibu tena kwa kuwa na uamuzi, na sifa zote mbili ni za msomaji mzuri.

Suluhisho nililolipata ni kuhesabu kurasa. The StoryGraph, programu ya kuweka kumbukumbu za usomaji iliyoanzishwa na Nadia Odunayo mwaka 2019, inakuruhusu kuweka lengo la kurasa, au la saa kwa wanaosikiliza vitabu vya sauti. Tangu nianze kuhesabu kurasa, vitabu vinene vimerudi mezani kwangu, kwa sababu kila jioni inahesabiwa hata kama kitabu hakijaisha. Jambo jingine ninalolipenda hapo ni michoro: inakuonyesha umesoma vitabu vya hisia gani, vya mwendo upi, virefu kiasi gani. Yangu ilinionyesha wazi kwamba nilikuwa nasoma riwaya za mwendo wa haraka na karibu hakuna kingine. Tangu hapo, kabla ya kuchagua changamoto ya mwaka, naitazama kwanza michoro hiyo nijue kinachokosekana.

Na kinachokosekana huwa kinapatikana kwenye changamoto za vigezo. Ile ya tovuti ya vitabu Book Riot, iitwayo Read Harder, ilianza 2015 ikiwa na vigezo 24 kwa mwaka, sawa na viwili kwa mwezi. Tovuti ya burudani ya PopSugar nayo ilianza yake mwaka huohuo. Hupewi jina la kitabu. Unapewa aina: diwani ya mashairi, tamthilia, kitabu kilichotafsiriwa, kitabu cha mwandishi wa bara ambalo hujawahi kulisoma. Kuchagua kitabu chenyewe ni kazi yako, na utafutaji huo ni nusu ya raha yote. Unajikuta umesimama mbele ya rafu za maktaba ambazo hukuwahi hata kuzitupia jicho, ukifunua vitabu vya watu usiowajua kabisa.

Kigezo cha tamthilia ndicho kilichonifunza kusoma kwa sauti. Tamthilia ikisomwa kimya inaonekana kavu, majina na mazungumzo tu. Ukiitamka, unasikia nani anadanganya na nani ana hofu. Mashairi nayo yamenifunza kurudia. Siku hizi diwani nasoma shairi moja au mawili kwa kikao, nakifunga kitabu, na kesho yake naanza na yaleyale kabla ya kuendelea. Ukilisoma shairi mbiombio ili utie alama ya vyema kwenye orodha, ni kama hujalisoma.

Lakini kigezo kilichonipa zawadi kubwa kuliko vyote ni kile cha kitabu kilichotafsiriwa. Nilianza kulitafuta jina la mfasiri, ambalo mara nyingi limefichwa ukurasa wa ndani kwa herufi ndogo, na nikagundua kwamba mfasiri hodari ana masikio yake na anachagua kazi kwa ladha yake. Ukimpenda mmoja, mfuate kutoka kitabu hadi kitabu. Atakutambulisha kwa waandishi wa lugha usiyoijua, na mara chache sana atakuangusha.

Kutoka hapo kuingia kwenye changamoto ya kuzunguka dunia ni hatua fupi. Mwandishi Ann Morgan, akiwa London, aliamua mwaka 2012 kusoma kitabu kimoja kutoka kila nchi huru duniani ndani ya mwaka mmoja, na akafanikiwa. Alipokwama São Tomé na Príncipe kwa kukosa kitabu cha Kiingereza, watu wa kujitolea walimtafsiria kimoja kutoka Kireno. Kisa hicho kinanipa moyo kila ninapotafuta kitabu cha kisiwa kidogo nisikipate. Mimi sijajiwekea mwaka mmoja, na sioni sababu ya msomaji wa kawaida kufanya hivyo. Nchi zinakaribia 200. Kinachohitajika ni kukata shauri mapema: kitabu cha nchi ni cha aliyezaliwa huko, anayeishi huko, au hadithi inayotokea huko? Nimeshika mwandishi aliyekulia huko, kwa kuwa ndiye anayejua kisichoandikwa kwenye ramani.

Mbio za saa 24 ni burudani, na nazipenda kama burudani. Dewey's 24 Hour Readathon ipo tangu 2007, hufanyika Aprili na Oktoba, na washiriki wote huanza kwa pamoja, wengine kukiwa alfajiri na wengine usiku. Changanya hadithi fupi, kitabu cha katuni na kitabu cha sauti ili macho yapumzike. Kulala hakukatazwi. Riwaya nzito iache kwa siku nyingine.

Jambo moja nimeliazima kutoka kwa wanafunzi. Changamoto ya Kusoma ya Kiarabu, iliyoanzishwa Dubai mwaka 2015, inamtaka mwanafunzi asome vitabu 50 na kuandika muhtasari wa kila kimoja kwenye daftari linaloitwa pasipoti. Idadi hiyo ni kubwa kwa mtu mzima mwenye shughuli zake, lakini muhtasari ni kitu cha thamani mno. Nusu ukurasa kwa kila kitabu: kinasema nini, kipi kimenigusa, kipi nakipinga. Vitabu nilivyoviandikia nusu ukurasa naweza kuvizungumzia hadi leo bila kufunua jalada. Changamoto yoyote utakayoichagua, ongeza hilo.

Anayerudi kwenye kusoma baada ya muda mrefu aanze na idadi ndogo ya vitabu, asijilinganishe na wanaotangaza mia. Anayesoma tayari kila siku aachane na idadi, aweke kurasa, kisha achukue orodha ya vigezo na kuchagua vile tu vinavyomtisha kidogo. Orodha nzima ya 24 si lazima. Mwaka huu nimechukua lengo la kurasa pamoja na vigezo vichache vya mashairi na tafsiri, na nchi za visiwa vya Pasifiki ambazo bado sijazifikia. Kama unamjua mfasiri mzuri wa kutoka huko, niandikie.