Mkanda wa kifuani Polar H10: uzoefu wangu, siku nne kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae

Nina miaka 54. Mwaka 2021 niligunduliwa kuwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio: vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kujikaza sawasawa, halafu baada ya saa kadhaa hutulia vyenyewe. Kila asubuhi nameza bisoprolol ya kupunguza kasi ya moyo, na mara mbili kwa siku dawa ya kuzuia damu kuganda. Nimekulia milimani, na kilichoniuma kuliko ugonjwa ni wazo kwamba sitatembea tena msituni.

Daktari wangu hakunikataza. Alinipima nikitembea kwenye mashine, akabadilisha kidogo dozi, kisha akaniandikia namba moja kwenye karatasi: mapigo 125 kwa dakika. Nikizidi hapo nisimame, nikae, ninywe maji. Sasa ikabaki kazi ya kuijua hiyo namba nikiwa porini.

Nilianza na saa ya mkononi, ya kampuni nyingine, na iliniangusha. Kwanza, mipaka yake hupangwa kwa hesabu ile ya 220 kutoa umri, kwa hiyo kwangu ilikuwa 166. Mtu anayemeza dawa ya kupunguza kasi hafiki huko kirahisi. Nilikuwa nahema kama mvukuto, nayo ikiniambia nafanya mazoezi mepesi. Pili, saa humulika taa kwenye ngozi na kukisia kutokana na damu inavyopita. Moyo ukienda ovyo, baadhi ya mapigo huwa hafifu mno hata hayafiki kwenye kifundo cha mkono, na saa haiwezi kuhesabu kisichofika. Mkanda wa kifuani husoma umeme wa moyo wenyewe na kutuma namba kwenye simu. Ndiyo sababu nikanunua.

Njia yetu, kwenye milima ya Usambara, ilipita msitu wa Magamba, tukalala Lukozi, kisha Rangwi, tukamalizia Mtae. Wengi huitembea kwa siku tatu. Mimi niliomba nne, na kijana aliyetuongoza hakuuliza mara mbili kwa nini. Nilimweleza kila kitu kabla hatujatoka Lushoto: dawa ziko mfuko upi, karatasi ya daktari iko wapi, na nikianguka na kugonga kichwa nishushwe hospitali hata kama nasema sijambo, kwa sababu damu yangu haigandi upesi.

Asubuhi ya kwanza nilipata kiwewe. Magamba kuna baridi, jasho lilikuwa halijatoka, na simu ikaonyesha 201. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeufunga mkanda mkavu. Sehemu zile mbili za mpira zinazogusa kifua lazima zilowe maji kwanza. Nikajificha nyuma ya mti, nikazilowesha, nikaufunga tena chini kidogo ya sidiria ukiwa umekaza. 92. Mbega walikuwa wakirukaruka juu yetu, na kwa mara ya kwanza nikainua macho kuwatazama.

Siku ya pili, kwenye kilima tulichokikuta baada ya Lukozi, ndipo mkanda ulipolipa bei yake. Mkononi saa ilionyesha 108, imetulia kabisa. Kwenye simu namba zilikuwa zikicheza: 131, 149, 122, 144. Nilikuwa bado sijasikia kitu. Dakika moja baadaye nikahisi kile kipepeo kooni. Kijana akaniona nimesimama.

"Mama, tukae?"

"Tukae, mwanangu."

Tulikaa kando ya shamba la kabichi. Nilijipima kwa vidole shingoni dakika nzima, maana mapigo yakiwa ya ovyo ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha unajidanganya. Sikuwa na kizunguzungu wala maumivu ya kifua; ningekuwa navyo tungeshuka moja kwa moja barabarani kutafuta gari. Baada ya dakika 40 hivi namba zikaacha kucheza, zikarudi 80 na kitu, tukaenda nusu mwendo hadi jioni. Bila mkanda ningeiamini saa na kuendelea kupanda.

Nililoliona katika matumizi: kila jioni chomoa kile kidude cha katikati, suuza mkanda kwa maji safi, uanike. Usipochomoa, unyevu hukifanya kiendelee kufanya kazi na betri huisha. Betri ni ile ya kidonge, CR2025, na usilitegemee duka la kijijini; mimi nilibeba mbili za akiba. Simu nayo inataka pawabanki. Siku ya tatu mkanda ulinichubua kidogo ubavuni, nikapaka mafuta ya mgando pembeni, mbali na zile sehemu za mpira.

Mkanda huu si kipimo cha hospitali. Hauoni mshipa ulioziba, hauiti msaada, na msituni mtandao hukatika. Kama una betri ya moyo iliyopandikizwa, muulize daktari wako kwanza. Na jambo moja lisilohusu mkanda lakini lazima niliseme: goti liliponiuma kwenye mteremko wa Rangwi, msafiri mwenzetu alinipa diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa moyo mwema. Ukiwa kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, dawa kama hizo zinaweza kukusababishia kutoka damu tumboni. Nilimshukuru, nikameza panado.

Mtae tulifika saa kumi jioni siku ya nne, mawingu yakiwa yamefunguka juu ya nyika ya Mkomazi, milima ya Upare ikionekana kwa mbali. Simu ilisoma 97. Nikauvua mkanda, nikausuuza kwenye beseni, nikauanika kwenye kamba katikati ya soksi zangu mbili.