Muvi Kali Hata Chumba Kinaigiza: 12 Angry Men, Parasite na Vuta N'kuvute

Habari zenu wapenzi wa muvi, karibuni tena. Leo nina hoja moja tu na naisimamia kabisa: muvi ikiwa kali, mahali inapotokea napo panaigiza. Sio stelingi peke yake. Chumba, ngazi, dirisha, joto, vyote vinapewa kazi. Na muvi iliyonionyesha hilo kuliko zote ni ya mwaka 1957, haina rangi, inaitwa 12 Angry Men, dairekta ni Sidney Lumet na ndo ilikuwa muvi yake ya kwanza ya sinema.

Stori yenyewe fupi. New York, kijana anashtakiwa kwa kumchoma kisu baba yake, watu 12 wa jopo la mahakama (jury) wanafungiwa chumbani waamue kwa kauli moja, wakisema ana hatia anakalia kiti cha umeme. Kura ya kwanza 11 wanasema ana hatia, mmoja tu, Henry Fonda, anasema hapana jamani tuongee kwanza. Basi, dakika 96 karibu zote mko humo humo ndani, hakuna gari linalopinduka hakuna bunduki, na bado huinuki hata kwenda kunywa maji.

Angalia sini ya kisu. Wenzake wanasema kisu kile ni cha aina yake, haiwezekani kijana akaangusha chake halafu mtu mwingine akaua na kinachofanana nacho. Fonda anaingiza mkono mfukoni, anatoa kisu kile kile, anakichoma mezani pembeni ya kile cha ushahidi. Watu wanaruka vitini! Mi kila nikiirudia nasisimka.

Halafu tazama kamera, maana hapa ndo wengi wanapitwa. Mwanzoni inakaa juu kidogo ya usawa wa macho, lensi pana, chumba unakiona kikubwa. Ubishi ukipanda kamera inashuka, lensi zinakuwa ndefu, kuta kama zinawasogelea, na kufika mwishoni unaona mpaka dari limewakalia vichwani. Chumba ni kile kile, hakijapungua hata inchi, ila we mtazamaji unaanza kukosa hewa pamoja nao. Lumet mwenyewe alishaeleza kwamba alipanga hivo tangu mwanzo. Weka na siku yenyewe ya joto kali, feni haizunguki, mashati yameloa jasho mgongoni... Huo ndo ufundi, na haukuhitaji pesa nyingi.

Sasa twende Korea Kusini, Parasite ya 2019, Bong Joon-ho. Hii ndo muvi ya kwanza isiyo ya Kiingereza kubeba Oscar ya muvi bora. Najua wengi tumekulia kwenye muvi zilizotafsiriwa za kibanda umiza na mi nazipenda sana, lakini hii nawaomba muangalie na maandishi chini, kwa sababu ukimya wake una maneno mengi na mtafsiri akiongea juu yake utaukosa.

Ile nyumba ya tajiri ilijengwa maalumu kwa ajili ya muvi. Na kuna usiku wa mvua, familia maskini iliyojipenyeza kufanya kazi humo inatoroka kutoka nyumba ile, wanashuka ngazi, wanashuka tena, wanashuka mpaka unajiuliza hivi mji huu una mwisho, wakifika kwao chumba cha chini ya barabara kimejaa maji machafu. Kesho yake mama tajiri yuko kwenye gari anaongea na simu, anaisifia mvua ya jana kwamba imesafisha hewa, na dereva, yule baba wa familia maskini, aliyelala kwenye ukumbi na watu waliofurikiwa ndo anamuendesha. Halafu mama huyo anafungua dirisha kwa sababu ya harufu ya dereva. Uso wa Song Kang-ho, anayeigiza dereva, pale! Hasemi kitu na umeshaelewa kila kitu kinachokuja.

Dune ya pili ya 2024 nayo naikubali, walienda kupiga jangwani kweli, Jordan na Abu Dhabi, na mchanga ule unausikia kooni. Ila watu wake hawajanikaa moyoni kama wale 12.

Na kwetu ipo. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya 50 chini ya Mwingereza. Yasmin anakimbia ndoa ya kulazimishwa kwa mwanaume mzee, anakutana na Denge anayepigania uhuru. Vichochoro na kuta za mji mle zinabeba siri kuliko mazungumzo, na Siti Amina kama Mwajuma akitokea tu sini inakuwa yake. Kasoro yangu ni moja, mapenzi ya Yasmin na Denge yalihitaji muda zaidi wa kuongea, picha ni nzuri mno lakini kuna mahali nilitaka kuwasikia wenyewe wakibishana, wakichekana, maana kwenye kitabu wako hai sana.

Alama zangu: 12 Angry Men 10 kwa 10, Parasite 9 na nusu, Vuta N'kuvute 8, Dune 7. Ukiwa na usiku mmoja tu anza na ile ya 1957, zima taa, weka simu mbali, na ukifika kwenye sini ya Lee J. Cobb, yule mbishi kuliko wote kati ya wale 12, na picha ya mwanae njoo uniandikie hapo chini ulijisikiaje.