Semester at Sea: bandari ni chambo, masomo yako baharini

Semester at Sea ni programu ya muhula wa chuo kikuu unaosomwa ndani ya meli inayopita bandari za nchi mbalimbali. Picha zinazoiuza karibu zote zimepigwa nchi kavu: hekalu, soko, ngamia, mlima. Anayelipa kwa ajili ya picha hizo hushtuka akigundua kwamba karibu nusu ya muhula wa siku 100 na ushei ataimaliza darasani, maji yamemzunguka pande zote. Tunaanza na jambo hilo kwa sababu uzuri wa Semester at Sea na kasoro zake vyote viko kwenye siku za bahari. Ukizipima bandari peke yake, bei haisimami.

Meli yenyewe ni MV World Odyssey. Iliundwa Kiel, Ujerumani, ikaanza kazi mwaka 1998 kwa jina la Deutschland, meli ya starehe ya urefu wa mita 175, na tangu 2015 imekuwa ikibeba wanafunzi. Ni ndogo ukiilinganisha na meli za watalii za siku hizi, na udogo huo unausikia tumboni bahari ikichafuka. Faida yake ni kwamba ndani ya wiki mbili unamjua kila mtu kwa sura, walimu wakiwemo, maana mnapanga foleni moja ya chakula. Kaisersaal, ukumbi uliojengwa kwa karamu za wazee matajiri, sasa ndimo wanamohudhuria wanafunzi mamia kwa mamia somo la pamoja la Global Studies. Kusikiliza mhadhara wa umaskini duniani chini ya nakshi za dhahabu kuna kejeli yake, na walimu wazuri huitumia.

Wazo la chuo baharini ni la zamani. Lilianza 1963 kwa jina la University of the Seven Seas. Baadaye tajiri wa meli C.Y. Tung aliinunua meli ya Queen Elizabeth aigeuze chuo kinachoelea, ikateketea kwa moto bandarini Hong Kong mwaka 1972 kabla haijapokea mwanafunzi. Leo mwendeshaji ni Institute for Shipboard Education, shirika lisilo la faida, ila matokeo yako hayaandikwi nalo. Huandikwa na chuo cha nchi kavu kinachodhamini masomo: kilikuwa University of Pittsburgh, kikafuata University of Virginia, na mwaka 2016 jukumu likaenda Colorado State University. Hilo ndilo linalokifanya chuo chako kizikubali krediti, yaani vipimo vya kozi vinavyohesabiwa kwenye shahada, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote hakikisha ni chuo gani kinachodhamini safari unayoiombea.

Mzigo wa kawaida ni krediti 12 hadi 15, yaani kozi nne au tano, Global Studies ikiwa lazima kwa wote. Hakuna Jumatatu wala Jumamosi. Kuna siku A na siku B zinazopishana, na mkiwa baharini karibu kila siku ni ya darasa, hata Jumapili ikiangukia hapo. Mkifunga gatini, madarasa yanasimama. Wengi hukosea hesabu hapo. Kozi ambayo nchi kavu ingesambazwa kwenye wiki 15 inasukumwa ndani ya siku za bahari peke yake, kwa hiyo kusoma huja kwa mafuriko: siku nane mfululizo za vipindi, insha na majaribio, kisha siku tano za bandari ambazo hutafungua kitabu hata ukijiapiza. Jaribio lililopangwa siku ya kwanza baada ya bandari ndilo linaloangusha watu. Ukipewa mtaala, tafuta majaribio yaliyokaa hapo na usome kabla ya kushuka.

Kila kozi ina siku moja ya darasa la nje bandarini, inayochukua kama sehemu ya tano ya saa za kozi nzima. Mwalimu anakwenda nanyi hospitalini, kiwandani, mahakamani au kijijini, kisha mnaandika kazi ya alama. Ni lazima, na usipofika hakuna siku ya pili. Kosa la kawaida ni kununua tiketi ya ndege au treni ya ndani ya nchi kabla ya ratiba ya madarasa ya nje kutoka, halafu unakuta siku yako imeangukia katikati ya safari yako. Subiri ratiba. Kwa maoni yetu siku hizi ndizo zinazofundisha kuliko kitu kingine chochote melini, hasa kozi za afya ya jamii, uchumi na siasa. Kozi za sayansi za maabara ndipo programu inapopwaya: meli haina maabara ya kemia, na mwanafunzi wa uhandisi au wa udaktari aliye kwenye mlolongo wa kozi za lazima atarudi nyuma muhula mzima. Kama ndiyo hali yako, nenda wakati umebakiwa na kozi za hiari tu.

Utaratibu wa krediti unahitaji subira. Chukua orodha ya kozi za safari yako, chagua nane badala ya nne, peleka muhtasari wa kila moja kwa mshauri wako wa masomo, na upate idhini ya maandishi kuwa kozi fulani itahesabiwa badala ya kozi fulani. Nane kwa sababu darasa hujaa na ratiba hubadilika. Mwenye idhini nne tu akikosa moja hujikuta anasoma kozi isiyompa kitu nyumbani, na kuomba saini ya ofisi iliyo bara jingine ukiwa katikati ya Pasifiki ni adhabu.

Sasa usingizi, jambo ambalo waombaji hawaliulizi. Mwelekeo wa safari una uzito kuliko orodha ya nchi. Chukua Cape Town hadi Rio de Janeiro: karibu maili 3,300 za baharini. Kwa mwendo wa noti 16, yaani maili 16 za baharini kwa saa, meli inakata maili 384 kwa siku, kwa hiyo ni siku nane na nusu hivi. Kati ya miji hiyo kuna tofauti ya saa tano. Mkienda magharibi, saa inarudishwa nyuma usiku tano, na kila mara unapata siku ya saa 25. Watu wanaamka wamechangamka na wanasoma kuliko walivyodhani. Geuza safari iwe kuelekea mashariki, na usiku hizo tano zinakuwa siku za saa 23: kengele ya asubuhi inalia wakati mwili unajua ni alfajiri bado, na madarasa ya kwanza yanajaa miayo. Kutoka Honolulu hadi Japani kuna kisa kingine, kwani mnavuka mstari wa tarehe na siku nzima inafutika kwenye kalenda. Kama tarehe iliyofutika ni ya kuzaliwa kwako, ndiyo hiyo. Ukiwa na hiari kati ya safari mbili, chukua inayoelekea magharibi.

Meli kwenda mrama, yaani kuyumba, ndiyo mtihani wa pili. Meli ina mabawa ya chini ya maji yanayopunguza kulala ubavuni, lakini hayazuii omo, sehemu ya mbele ya meli, kupanda na kushuka. Kabini nzuri kwa tumbo dhaifu ni ya sitaha za chini, katikati ya urefu wa meli, kwa sababu hapo ndipo mwendo ulipo mdogo. Kabini za juu zenye dirisha karibu na omo huwa ghali zaidi na ndizo zinazotupa watu zaidi. Dawa ya kichefuchefu kama meclizine inywe kabla, saa moja au zaidi, maana tumbo likishachafuka kidonge hakikai. Tofaa la kijani, biskuti kavu na tangawizi husaidia kiasi, na kukaa na njaa huzidisha. Angalia upeo wa macho, usisome simu. Wengi huzoea baada ya siku mbili tatu. Kwa wanaouliza usalama: Januari 2005 meli iliyotangulia, MV Explorer, ilipigwa na wimbi kubwa Pasifiki ya kaskazini, vioo vya chumba cha nahodha vikavunjika, injini zikazimika kwa muda, kisha ikafika Honolulu. Pasifiki ya kaskazini mwezi Januari si mahali pa kwenda na tumbo dhaifu.

Umeme wa kabini ni volti 220 na soketi ni za duara za Kijerumani. Chaja ya kompyuta na simu hazina neno, soma tu maandishi madogo yaseme 100–240. Kikaushia nywele cha Marekani cha volti 110 kitaungua mara ya kwanza. Ekstensheni yenye kinga ya umeme uache nyumbani: mfumo wa umeme wa meli hauko kama wa nyumba, kinga hiyo inaweza kupata joto hadi kuwaka, na walinzi wataichukua. Ya kawaida isiyo na kinga, uliza kwanza. Hakuna mashine ya kufulia ya kujihudumia; unajaza mfuko, unalipia, zinarudi. Nguo ya pamba nzuri inaweza kurudi imekuwa ya mdogo wako.

Chakula kinatosha na kinachosha. Kumbi mbili, mtu anajipakulia, mara tatu kwa siku, imo ndani ya ada. Tambi na viazi vinajirudia mpaka mnavitambua kwa harufu toka kwenye ngazi. Chupa ya pilipili unayoipenda ina thamani kuliko jozi ya tatu ya viatu. Intaneti inapita kwa setilaiti na haifai kutegemewa. Pakua vitabu, makala na hati zako zote kabla ya kung'oa nanga.

Ada huvuka dola 25,000 za Marekani, kulingana na kabini na safari. Humo mna masomo, kitanda na chakula. Ndege ya kufika bandari ya kuanzia na kurudi kutoka ya mwisho, viza, chanjo, vitabu na kila utakachofanya nchi kavu viko nje, na hicho cha mwisho ndicho kinachomeza pesa. Ziara zinazouzwa na programu ni rahisi kiakili na ghali kimfuko. Wanafunzi wanne wenye kitabu cha ratiba ya treni wanafanya safari ileile kwa bei ndogo. Waende wakijua sharti moja: saa ya kurudi melini haina msamaha. Ikiandikwa saa 12 jioni, foleni ya kukaguliwa mifuko kwenye ngazi imeshaanza saa moja na nusu kabla, na anayekawia anazuiwa melini kwa saa kadhaa bandari inayofuata. Anayeachwa kabisa anaifuata meli kwa gharama yake, kama viza inamruhusu.

Mkataba unaipa programu haki ya kubadili njia, na haki hiyo hutumika. Safari ya mwanzoni mwa 2020 iliiruka China na ikakatishwa Cape Town mwezi Machi badala ya kufika Ulaya. Usichague safari kwa sababu ya nchi moja. Anayeitaka Japani kweli, au anayetaka kujua lugha, aende akakae huko muhula mzima. Siku tano za bandari hazifundishi lugha ya mtu. Anayefaa kwa programu hii ni mwanafunzi anayetaka kulinganisha: aone bandari ya Ghana na ya Vietnam ndani ya muhula mmoja, akiwa na mwalimu yuleyule wa kubishana naye usiku.

Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita baada ya siku ya mwisho na kurasa tupu za kutosha, kwani mihuri inaliwa haraka. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinadaiwa pale Ghana ikiwa kwenye njia. Mwenye pasipoti isiyo ya Marekani asifuate orodha ya viza inayotolewa kwa wengi, kwa kuwa imeandikwa kwa Wamarekani. Aandike bandari zote kwa mpangilio, aulize ubalozi mmoja mmoja, na kama meli inaingia Ulaya mara mbili aombe viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, ya kuingia zaidi ya mara moja. Kazi hiyo ianze miezi minne au mitano kabla, maana balozi mbili haziwezi kukaa na pasipoti moja kwa wakati mmoja.