Fundi wa kujalidi vitabu wa Makoroboi: Biblia ya bibi imerudi na kurasa zake zote

Ni mwaka wa nne sasa sihudhurii kanisani wala jumuiyani, lakini Biblia aliyoniachia bibi yangu naisoma kila alfajiri, na kwa kusomwa hivyo ilikuwa imekatika mgongo, ikabaki mafungu ya karatasi yaliyoshikwa kwa mpira. Mwezi uliopita niliipeleka kwa fundi mmoja wa kujalidi vitabu mwenye kibanda katika vichochoro vya Makoroboi, hapa Mwanza, na kwa wenye vitabu vya kale wanaomtafuta mtu wa kuviokoa, naweza kusema kazi yake ni nzuri, ingawa si bila kasoro.

Sikununua mpya kwa sababu Biblia nyingi zinazouzwa madukani zina vitabu 66, ilhali ya bibi, aliyebatizwa Bukumbi katika misheni iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1883, ina vitabu 73, na alichokipenda kuliko vyote, yaani Yoshua bin Sira, hakimo katika zile 66. Yenye vitabu vyote ningeipata kwenye duka la kanisa, nami nilifika hadi mlangoni, nikarudi. Isitoshe, pembeni mwa kurasa kuna maneno yake ya penseli kwa Kisukuma, na hayo hayauzwi popote.

Fundi alianza kwa swali ambalo wenzake wawili niliowaendea kabla hawakuliuliza: "Mama, kingo nizikate?" Kukata kingo hukipendezesha kitabu, lakini kwa kitabu kilichoandikwa pembeni ni kukipora. Nilimkataza. Alifumua uzi wa zamani, akabandika vipande vya karatasi nyembamba kwenye mikunjo iliyochanika, akashona fungu moja baada ya jingine kwa uzi uliopakwa nta, kisha akapaka gundi mgongoni na kukibana kitabu kati ya mbao mbili zilizowekewa jiwe juu (mji wetu hauna uhaba wa mawe). Wengine hutoboa tu pembeni na kushona kurasa zote kwa pamoja, njia ya haraka ambayo huyafanya maneno ya upande wa ndani yamezwe na mshono.

Ndani ya Biblia hiyo nilikuwa nimesahau kadi yangu ya zaka na bahasha mbili tupu. Niliacha kwenda kanisani baada ya majina ya wanaodaiwa mchango wa ujenzi kusomwa kwa sauti, likiwemo jina la jirani tuliyekuwa tumemzika wiki hiyohiyo. Sikugombana na mtu, na kwa Mungu sikuwa na ugomvi wowote. Tangu hapo ndugu zangu huniuliza nani atakuja kunizika, na wifi yangu huniuliza hata harusini. Kijana huyu aliiona kadi, akaisoma, akauliza tu, "Nizirudishe, mama, au nizitupe?" Nilikosa jibu. Nilipoenda kuchukua kitabu nikakuta amebandika mfuko mdogo wa karatasi ndani ya jalada la nyuma na kuzitia humo, jambo ambalo sikumwomba wala hakulitoza. Sijazitoa.

Kasoro ni mbili. Aliahidi wiki moja, zikawa tatu, na sababu aliyoitoa ni kukatika kwa umeme, ilhali sikuona pale kibandani chombo chochote kinachotumia umeme zaidi ya redio. Ya pili ni maandishi ya rangi ya dhahabu: ameandika BIBILIA. Alikubali kosa na akataka kuyakwangua ayaandike upya, lakini nilihofia jalada, na zaidi ya hapo niliona kwamba neno hilo sasa linaanza na bibi, nikaliacha.

Nililipa shilingi 30,000, nusu kabla na nusu baada, bila risiti. Nendeni asubuhi, kabla vichochoro havijafungwa na meza za machinga, na mkipeleka kitabu wakati wa masika kifungeni kwenye nailoni. Yangu imerudi ikiwa nzito kidogo kuliko zamani, lakini nikiifungua kwa Yoshua bin Sira inalala wazi mezani bila kushikiliwa, nami nabaki na mikono miwili ya kushikia kikombe cha chai.