Kizimkazi mara mbili: boti iliyowakimbiza pomboo na boti iliyozima injini

Nimekwenda kuangalia pomboo Kizimkazi, kijiji cha wavuvi kusini mwa Unguja, mara mbili, Julai mwaka jana na Januari mwaka huu, kwa maboti mawili tofauti. Namwandikia mzazi anayepanga kuwapeleka watoto likizo, maana safari zote mbili zinauzwa kwa jina moja na bei zake zinakaribiana, lakini ulichokiona huku hukioni kule.

Mara ya kwanza tulipata boti kupitia dalali wa mjini. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, mawimbi makubwa. Tulipofika tukakuta boti nyingi zimeshawazunguka pomboo wanne au watano. Kila wakiibuka, injini zinanguruma, boti zinawakata mbele, na abiria wanapigiwa kelele: "Rukeni, rukeni!" Mwanangu wa miaka tisa aliruka, akameza maji ya chumvi, akapanda juu analia. Hakuona kitu ila mapovu.

Mmoja wa wale pomboo alikuwa na mtoto. Alikuwa mdogo, kimo cha mtoto wa chekechea, na ubavuni ana michirizi myeupe ya kusimama, kama kanga iliyotolewa kabatini na alama za kukunjwa. Baadaye nilielezwa kwamba ndivyo ilivyo hasa: ni mikunjo aliyotoka nayo tumboni, hufutika kadiri anavyokua. Alikuwa amemganda mama yake, wanaibuka pamoja, wanapumua pamoja. Boti moja ilipowakaribia mno, mama aligeuka akamhamishia mtoto upande wa pili, akabaki yeye kati ya mtoto na sisi. Nimezaa watatu, sikuhitaji mtu wa kunifasiria.

Nikamwambia nahodha, "Baba, tuwaache, huyu ana mtoto mchanga." Akanijibu kwa upole, "Mama, wageni wamelipa waogelee nao." Jibu lile limenikaa moyoni hadi leo, kwa sababu ni kweli. Tuliolipa ni sisi.

Safari ya pili niliuliza kabla ya kutoa hela: mkiwakuta pomboo mnafanyaje? Mzee mmoja wa hapo hapo kijijini akaniambia, "Ukiwa na haraka, mwanangu, tafuta nahodha mwingine." Nikapanda kwake.

Alizima injini tukiwa mbali nao. Tukakaa, jua linachoma, karibu saa nzima, wanangu wameanza kuchoka. Kisha tukasikia "pfuu!" nyuma yetu, pumzi ya pomboo inayotoka utosini, karibu kiasi cha kunusa harufu ya samaki. Walikuja saba, polepole, wakatuzunguka wakaenda zao. Hakuna aliyeruka majini, na hakuna mtoto wangu aliyelalamika.

Tukiwa pale mzee alitusimulia kwamba zamani pomboo waliuawa wawe chambo cha papa. Utalii ulianza mwaka 1992, na uwindaji ukaja kukoma mwaka 1996. Mwaka uliofuata Ghuba ya Menai, bahari ya upande huo wa Kizimkazi, ikawa eneo la hifadhi. Pomboo akiwa hai akawa na faida kijijini. Lakini kumkimbiza nako kuna madhara. Pomboo hubeba mimba mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na hupitisha miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Mtoto hunyonya chini ya maji, sekunde chache kila mara, na mama anayekimbia boti hanyonyeshi wala hapumziki. Watafiti waliofanya kazi hapo Kizimkazi waliona hivyo hivyo: boti zikizidi, pomboo hupunguza kupumzika na kutafuta chakula, wanabaki kuhama hama tu. Nao si wengi. Hesabu ya mwaka 1999 hadi 2002 ilikadiria wale wa aina inayoonekana zaidi kuwa hawafiki 200.

Tukirudi, mzee aliona kipande cha jarife, wavu wa kunasia samaki wakubwa, kinaelea, akakivuta kwa upondo na kukitia botini. Pomboo akinaswa humo hawezi kupanda juu kuvuta hewa, anakufa maji kama mtu.

Kasoro zipo. Boti ya mzee haina kivuli, na maboya ya kuvaa yalikuwa ya watu wazima tu. Mwanangu mdogo wa miaka sita lilimvuka magoti. Ukienda na watoto beba yao, na kofia. Pia ujue kuna siku pomboo hawaji kabisa, na mzee hulisema hilo mapema kabla hujapanda.

Safari ya kwanza naipa nyota moja, ya pili tano. Ukifika ufukweni, uliza kwanza watakaa umbali gani, watafanyaje wakikuta mama na mtoto, na kama boti nyingine zimeshajaa watakubali kusubiri. Mwambie nahodha waziwazi kwamba hutaki kuruka. Bakshishi yangu nilimpa mzee kwa ile saa nzima aliyokaa injini imezimwa.